Usimuulize mwanao ‘utakuwa nani?’, muulize shida ipi inamgusa

Muheza. Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, kuna swali linalozunguka nyumba hadi nyumba, kuanzia mitaa ya karibu na stendi hadi vijiji vya juu kuelekea Amani: “Sasa huyu atakuwa nani?”

Baba analiuliza. Mama mdogo anapiga simu kutoka Dar es Salaam kuliuliza. Hata jirani aliyekuja kuomba chumvi hatoki bila kuliuliza. Majibu yanayokubalika yanajulikana: daktari, mwanasheria, mhandisi, mhasibu. Mtoto anataja moja ili mazungumzo yaishe, na wakubwa wanaridhika.

Miaka michache baadaye kijana huyo yuko chuoni anasoma kozi asiyojua kwa nini anaisoma, au amerudi nyumbani na cheti ambacho hakijampatia kazi. Swali lile lile linamsubiri mlangoni, na safari hii hana jibu la kulizima.

Tatizo kubwa liko kwenye swali lenyewe. “Utakuwa nani?” linauliza cheo, na cheo hutolewa na watu wengine: chuo, mwajiri, Serikali. Kinaweza kuchelewa, kinaweza kukosekana, na kikishapatikana kinaweza kuondolewa. Mwelekeo wa maisha ni kitu kingine. Ni kujua ni shida gani ya watu unataka kuishughulikia, na uko tayari kuvumilia usumbufu gani kwa ajili yake. Huo hauondoki na barua ya kutenguliwa.

Kwa nini ni suala la afya

Wazazi wengi huweka mjadala huu kwenye fungu la elimu na ada. Lakini unagusa afya pia.

Mwaka 2019 jarida la kitabibu la JAMA Network Open lilichapisha utafiti uliofuatilia karibu watu 7,000 wa Marekani waliovuka umri wa miaka 50. Walioona kuwa maisha yao yana kusudi walikuwa na uwezekano mdogo wa kufariki katika kipindi cha ufuatiliaji kuliko wale wasioliona.

Utafiti wa aina hiyo usomwe kwa uangalifu. Hauthibitishi kuwa kusudi peke yake ndilo lililowaongezea siku, kwa sababu mtu mwenye afya njema naye huona kusudi kwa urahisi kuliko anayeumwa. Tena hao ni watu wazima wa Marekani, si vijana wa Muheza. Hata hivyo unatuambia jambo ambalo wazee wetu hawakuhitaji jarida kulijua: mtu mwenye sababu ya kuamka asubuhi hujitunza tofauti na asiye nayo.

Kwa vijana uzito ni mkubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataja kujiua miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani. Sababu zake huwa nyingi na hakuna jambo moja linaloeleza kila kifo. Lakini kijana anayejiona hana thamani kwa sababu hajawa “mtu fulani” hubeba mzigo ambao nyumbani tunaweza kuupunguza, au kuuongeza.

Mtafiti aliyeanzia Amani

Mfano mzuri wa mtu aliyeshika mwelekeo mmoja hauko mbali na hapa. Juu ya milima ya Usambara Mashariki, ndani ya wilaya ya Muheza, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo Amani mwaka 1902. Baadaye mahali hapo pakawa kituo cha utafiti wa malaria na magonjwa yanayoenezwa na wadudu, na hatimaye kikawa sehemu ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ambayo leo ina kituo chake Muheza mjini.

Mwaka 1987 alianza kazi katika kituo hicho mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyesomea sayansi ya wanyama. Jina lake ni Mwele Malecela, aliyezaliwa mwaka 1963.

Ugonjwa alioushika si wa kumfanya mtu awe maarufu. Ni matende na mabusha, unaosababishwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Mara nyingi maambukizi huanza utotoni, lakini mguu kuvimba au busha kuonekana huja ukubwani. Hauui haraka. Unachofanya ni kumwondoa mtu shambani, kumkosesha ndoa, kumfanya akae nyuma msikitini au kanisani ili asitazamwe. Kwa miaka mingi watu wa pwani ya Tanga waliuita mkosi, wakauficha chini ya kanga na kanzu.

Utafiti wake nao una usumbufu wake. Minyoo michanga ya ugonjwa huo huonekana kwenye damu nyakati za usiku. Kwa hiyo mtafiti alilazimika kwenda vijijini usiku, kuamsha watu, na kuwatoboa vidole chini ya mwanga wa taa. Anayetafuta cheo tu hafiki mbali na kazi ya namna hiyo.

Dk Mwele alibaki nayo. Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha London mwaka 1995. Mwaka 2000 mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulipoanza, yeye ndiye aliyeuongoza, na ugawaji wa dawa ukaanzia kisiwani Mafia. Mwaka 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR.

Sehemu inayofuata ndiyo mzazi aisome mara mbili. Mwaka 2015 aliomba kuteuliwa na CCM kugombea urais, hakupata. Desemba 2016 uteuzi wake NIMR ukatenguliwa. Kama maisha yake yangesimama juu ya cheo, hapo yangeishia. Lakini mwaka 2018 alikuwa Geneva akiongoza idara ya WHO inayoshughulikia magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, matende yakiwamo. Januari 2021 shirika hilo lilizindua mwongozo wa dunia wa kukabiliana na magonjwa hayo hadi mwaka 2030, yeye akiwa ndiye kiongozi wa idara.

Alifariki dunia Februari 10, 2022. Ukitazama kutoka Amani hadi Geneva, anwani ilibadilika mara kadhaa na cheo kikabadilika mara nyingi zaidi. Shida aliyoishughulikia ilibaki kuwa ya watu wale wale: wale wanaoficha mguu.

‘Lakini yule alikuwa mtoto wa mkubwa’

Mzazi anaweza kusema hivyo, na ana haki. Dk Mwele ni binti wa John Malecela, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 1990 hadi 1994. Milango aliyoikuta wazi si wote wanaoikuta.

Kwa hiyo tumtazame mtu ambaye hana jina gazetini. Dawa za matende na mabusha, ivermectin na albendazole, hazifiki mdomoni mwa mtu kwa nguvu ya mkurugenzi. Hupelekwa na wagawa dawa wa jamii, watu wa kawaida wanaochaguliwa kijijini kwao na kupewa mafunzo mafupi. Hawa hutembea kaya hadi kaya wakiwa na daftari, vidonge na fimbo yenye alama. Fimbo hiyo hutumika kupima urefu wa mtu, maana idadi ya vidonge vya ivermectin hufuata urefu. Mtoto mdogo asiyefikia alama ya chini hapewi, wala mjamzito, wala mgonjwa mahututi.

Mgawa dawa hukutana na anayedai vidonge hivyo vinaondoa uzazi, na anayesema yeye haumwi hivyo hana sababu ya kumeza. Anaeleza, anarudi kesho, anaeleza tena. Posho ni ndogo. Lakini kwa sababu ya watu wa namna hiyo, wilaya nyingi nchini zimeacha kugawa dawa hizo baada ya vipimo kuonyesha kuwa maambukizi yameshuka.

Ukimuuliza mtu huyo “umekuwa nani?”, atakwambia yeye ni mkulima wa machungwa. Ni kweli. Na bado maisha yake yana mwelekeo ambao wenye vyeo wengine hawana.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Kwenye karatasi za Serikali ya mkoloni alikuwa karani wa forodha, kuanzia 1926 hadi 1944, kisha akafanya kazi katika ofisi nyingine za Serikali. Huo ndio mkate wake. Mwelekeo wake ulikuwa lugha, na alipofariki mwaka 1962 aliacha vitabu zaidi ya 20 ambavyo watoto wetu bado wanavisoma. Angesubiri kwanza apewe cheo cha mshairi, tusingekuwa naye.

Kwa hiyo kazi na mwelekeo vinaweza kukutana, kama ilivyokuwa kwa Dk Mwele, au vikakaa bega kwa bega, kama kwa karani na mgawa dawa. Kijana anayejua hilo hataona kuwa amekwisha kwa sababu hakupata kozi aliyoiota.

Hofu ya mzazi ina haki yake

Haya yote yasimfanye mzazi aonekane adui. Anayeuza machungwa kando ya barabara ya Segera na Tanga ili alipe michango ya shule ana sababu ya kutaka mtoto wake apate kazi yenye mshahara. Kumwambia kijana “fuata moyo wako” bila kumwonyesha nauli itatoka wapi ni kumdanganya.

Kinachotakiwa ni kuweka mwelekeo na hesabu mezani kwa pamoja. Na hesabu ya sasa ina njia nyingi kuliko ile mzazi aliyoisoma enzi zake.

Kuanzia Januari 2024 mtaala mpya wa sekondari una mikondo miwili, elimu ya jumla na elimu ya amali, yaani ya ufundi na stadi za kazi. Mwaka huo huo tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa hadi kufikia 65, hivyo PCB si mlango pekee wa mtoto anayependa sayansi. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za Serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Na kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, mikopo ya Serikali ilianza kuwafikia pia wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani za kipaumbele, afya ikiwa mojawapo.

Zaidi ya hayo, njia zinaungana mbele. Anayeanza na stashahada ya utabibu anaweza baadaye kuomba kusomea udaktari akiwa na ufaulu unaotakiwa. Aliyeanza na ufundi VETA naye anaweza kuendelea ngazi za juu. Mlango wa kwanza si hukumu ya maisha.

Methali inasema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kwa adabu, usafi, ukweli na bidii. Lakini ukimkunja mtoto kuelekea kazi uliyoikosa wewe, utapata samaki aliyekunjika vizuri asiyejua kuogelea.

Nini cha kufanya nyumbani

Huhitaji semina wala mshauri wa kulipwa. Anza na haya.

*Badili swali.* Badala ya “utakuwa nani?”, jaribu haya, moja kwa siku, mkiwa mnamenya mihogo au mnatoka shambani: “Wiki hii umeona jambo gani hapa kwetu ukatamani lirekebishwe?” “Wenzako huja kukuomba msaada wa kitu gani?” “Ni kazi gani ukiianza unasahau hata simu?” Usisahihishe jibu. Sikiliza, kisha nyamaza kidogo. Mara nyingi jibu la kweli ni la pili.

*Tazama anachofanya bila kutumwa.* Kuna mtoto ambaye bibi yake ana matende, naye kila jioni anamletea maji na sabuni, anamwosha mguu taratibu hadi katikati ya vidole na kuukausha, kama wahudumu wa afya wanavyoshauri. Kuna mwingine ambaye kila redio iliyoharibika mtaani inaishia chini ya kitanda chake. Kuna anayejua ni mti upi wa mchungwa umeanza kuugua kabla baba hajaona. Matokeo ya mtihani hayaonyeshi mambo hayo. Mzazi ndiye anayeweza kuyaona.

*Mpeleke akaone upande mchungu.* Kila kazi ina sehemu ambayo wengi huikimbia. Daktari anapoteza wagonjwa. Muuguzi anabadilisha shuka zilizochafuka saa tisa usiku. Mwalimu anasahihisha madaftari 90. Fundi anadaiwa na wateja wasiolipa. Omba ndugu au jirani anayefanya kazi hiyo amweleze mtoto siku yake mbaya kuliko zote, si siku ya mshahara. Akitoka hapo bado anataka, umepata dalili nzuri.

*Mpe jukumu dogo la miezi mitatu.* Kipindi cha kusubiri matokeo ni kirefu, na vijana wengi hukimaliza kwenye simu. Anaweza kumsaidia fundi cherehani, kufundisha hesabu watoto wa darasa la tano, kutunza kitalu cha miche ya iliki au karafuu, au kujitolea kwenye kikundi cha kijiji au cha ibada kinachotembelea wagonjwa. Hapa Muheza Hospitali Teule imekuwa na huduma ya tiba shufaa kwa wagonjwa wenye maradhi makubwa, na huduma kama hiyo hutegemea sana watu wa karibu na mgonjwa. Mwelekeo hupatikana zaidi mikononi kuliko kichwani. Kijana akishafanya ndipo anajua.

*Wekeni hesabu wazi.* Kaeni na karatasi: ada, chakula, nauli, miaka, mkopo kama upo, na nini kitafanyika kama ajira itachelewa. Mtoto aone uwezo wa nyumba bila kufichwa wala kutishwa. Uamuzi aliouona ukihesabiwa huubeba kwa utu uzima zaidi.

*Acha nafasi ya kubadilika.* Kijana wa miaka 17 akikosea njia, mwambie mapema kuwa anaweza kusema. Wapo wanaoendelea na kozi isiyowafaa kwa miaka mitatu kwa kuogopa tu kumwambia baba. Gharama ya woga huo ni kubwa kuliko ada ya muhula mmoja.

Ukiona dalili hizi, usisubiri

Kukosa mwelekeo kwa muda ni jambo la kawaida katika ujana. Lakini yapo mambo yanayohitaji msaada wa haraka: kijana kujitenga na watu kwa wiki kadhaa, kulala kupita kiasi au kukosa usingizi, kuacha vitu alivyovipenda, maumivu ya kichwa au tumbo ya mara kwa mara yasiyo na sababu inayoonekana, kuanza kulewa, au kusema kwamba ni afadhali asiwepo.

Kauli hiyo ya mwisho isichukuliwe kuwa ni deko. Muulize kwa upole na kwa uwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo; kunampa ruhusa ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye sumu za shambani na dawa, na mpeleke kituo cha afya au hospitali. Ofisa ustawi wa jamii na mwalimu wa ushauri nasaha shuleni nao wanaweza kusaidia. Kwa watoto, kuna simu ya bure ya taifa namba 116.

Na maneno haya yasemwe nyumbani kabla ya matokeo kutoka, wakati hayajawa ya kufariji bado: “Daraja utakalopata litatuonyesha njia ipi tuanze nayo. Halitabadilisha wewe ni nani kwetu.”

Kisha mkae mzungumze juu ya shida inayomgusa. Tahasusi mtaichagua baada ya hapo.